Kamera Nane, Rekodi ya Siku Ngapi?

Maelezo yaliyotolewa katika kikao cha wakazi kuhusu usalama wa majumbani



Mkazi akiingia dukani kununua kamera za usalama, kwa kawaida huulizwa jambo moja: anataka ngapi? Muuzaji humwonyesha jinsi picha ilivyo safi kwenye skrini, bei inakubaliwa, na mashine ya kurekodi inafungwa pamoja na kamera kama nyongeza. Ilhali mashine hiyo ndiyo itakayotafutwa siku nyumba itakapovunjwa.

Swali la kwanza ni rekodi itakaa siku ngapi. Hesabu yake si ngumu. Kamera moja ikirekodi mfululizo kwa kasi ya megabiti 4 kwa sekunde hujaza takriban gigabaiti 43 kwa siku. Kamera nane hujaza kama 345. Diski ya terabaiti 1 haifikishi siku tatu kabla ya kuanza kufuta picha za zamani ili kupisha mpya. Familia iliyokwenda mashambani kwa wiki mbili za Krismasi, na mlango ukavunjwa siku ya pili, itarudi na kukuta picha safi kabisa za ua mtupu.

Kuna njia za kurefusha siku hizo. Mashine na kamera zinazotumia mfumo wa H.265 huhitaji karibu nusu ya nafasi inayohitajika na H.264. Kwa kasi ya megabiti 2, kamera zile zile nane zikiwa na diski ya terabaiti 4 zitahifadhi takriban siku 23. Kurekodi wakati kitu kinapotembea tu huokoa nafasi zaidi, ingawa mti unaopepea mbele ya kamera utaifanya irekodi usiku kucha. Diski yenyewe iwe ile iliyotengenezwa kwa kazi ya kamera, kwa kuwa inaandika saa 24 bila kupumzika. Diski iliyotolewa kwenye kompyuta kuukuu ni rahisi, na ndiyo inayokufa kimyakimya bila mwenye nyumba kujua.

Kuhusu aina, nyumba ambayo tayari ina nyaya nzuri za zamani za kamera haina haja ya kuzing'oa, DVR itatosha. Nyumba mpya inafaa kufikiria NVR, ambayo hutumia nyaya za mtandao, na waya mmoja unaweza kupeleka umeme na kurudisha picha hadi mita 100. Mashine huja na nafasi 4, 8 au 16. Mwenye kamera nne leo anunue ya nane. Kamera ya tano haiingii kwenye mashine ya nne, hata fundi akiahidi vipi.

Halafu kuna stima. Wengi huweka betri ya akiba kwenye mashine ya kurekodi na kusahau kamera. Umeme ukikatika, mashine inabaki hai ikirekodi giza. Betri ihudumie mashine, umeme wa kamera, na ruta pia kama mwenye nyumba hutazama kwa simu.

Mahali pa kuiweka pia pana uzito. Mwizi anaijua, na chini ya televisheni ndipo anapoanzia. Iwekwe kwenye chumba kingine, ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli na matundu ya hewa, kwani joto huua diski. Nywila iliyotoka nayo kiwandani ibadilishwe siku ile ile. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka kamera na mashine za kurekodi nyingi sana duniani kwa kujaribu tu nywila za kiwandani.

Wenye ploti za kupangisha wana jambo la ziada: wanarekodi watu wengine. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka watu hao wajulishwe. Bango langoni lisaidie, na kamera isielekezwe kwenye dirisha la mpangaji wala ua wa jirani.

Tukio likitokea, picha zinakiliwe kwenye flashi siku hiyo hiyo, kabla diski haijazifuta, na mashine isizimwe wala kufunguliwa na mtu anayejaribu bahati. Taarifa iandikwe kituo cha polisi na nambari ya OB ichukuliwe. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinazungumzia cheti cha kuandamana na ushahidi wa kielektroniki, kwa hiyo aliyenakili aandike jina lake, tarehe na namna alivyonakili. Saa ya mashine nayo ikaguliwe kila mwezi. Ikiwa inaonyesha saa nane mchana na wizi ulifanyika saa nane usiku, wakili wa mshtakiwa ataanzia hapo.