Kwa Nini Muganga Amenyoa Ndevu?

Wamama wa Itebero! Wengine mumeuliza: muganga wetu alikuwa na ndevu nzuri, mbona amezinyoa? Sikilizeni.

Kifua kikuu kinapita katika hewa, mgonjwa akikohoa. Anayemhudumia huvaa maski ya kuchuja hewa. Maski ile lazima ishike ngozi pande zote. Ndevu zikiwa katikati, hewa yenye ugonjwa inaingia pembeni, kama moshi unavyopita kwenye mlango usiofungwa vizuri. Naye akiugua, ndiye anayeshika watoto wenu kwenye mizani!

Basi, hakunyoa kwa kujipamba. Na wewe, mama, ukikohoa juma mbili, usijifiche. Njoo tupime makohozi. Dawa ya kifua kikuu ni ya bure, na inaponyesha ukiimaliza yote.