Kaseti Ndani ya Pikapu: Salamu za Katibu kwa Niaba ya Kwaya

 

Tumepewa dakika kumi. Wanaotujua wameshaangalia saa.

Kamati ya jubilii ilituomba tueleze historia ya kwaya kwa miaka hii 25. Historia yenyewe imo katika kurasa za mbele pamoja na picha, ikiwemo ile ya sare zetu za kwanza ambayo akina mama wa soprano wameomba isizungumziwe. Kwa hivyo tutazungumza juu ya kaseti moja.

Tuliipata mwezi wa tatu tulipokuwa tukisafisha stoo ya kanisa. Ilikuwa ndani ya mkebe wa biskuti, pamoja na risiti za vitambaa na ufunguo ambao hadi leo haujapata kufuli yake. Juu ya lebo, kwa mwandiko wa marehemu mwalimu wetu wa kwanza, palikuwa na neno moja tu: Mazoezi. Wakongwe wetu walinyamaza. Walijua mara moja ni mazoezi gani. Katika mwaka wa tatu wa kwaya, mwalimu alitunga wimbo wa shukrani kanisa hili lilipoezekwa mabati. Uliimbwa mara nyingi. Alipofariki, tuliacha kuuimba kwa sababu ya uchungu, na uchungu ulipopoa tukagundua kwamba hakuna aliyekuwa na hakika nao. Daftari lake la nota liliazimwa, na vitu vilivyoazimwa mnajua huwa vinaenda wapi.

Basi siku hiyo tulisimama pale stoo watu zaidi ya ishirini, kila mmoja na simu mfukoni. Simu hizo zinamwonyesha mama uso wa mwanawe aliye Marekani. Zinapokea sadaka, zinalipa karo, na wakati wa maombi zinalia. Lakini hakuna hata moja yenye mdomo wa kula kaseti. Tulitangaza kanisani Jumapili mbili mfululizo. Mmoja akaleta redio ambayo mkanda wake wa ndani ulikuwa umeyeyuka ukawa kama lami. Mwingine akaleta nyingine nzuri, inang'aa, ila mahali pa kaseti mkewe anahifadhi sindano na uzi, na mama akasema atatukopesha kwa sharti la kurudisha sindano zote. Nayo haikuzunguka.

Ndipo mzee mmoja wa besi, ambaye huzungumza kama mara mbili kwa mwaka, akasema, "Si kuna pikapu yangu?"

Pikapu hiyo mnaijua. Ndiyo iliyobeba viti vyenu asubuhi ya leo. Redio yake bado inameza kaseti, na hofu yetu ilikuwa kama inajua kutapika. Tulikaza utepe kwa kalamu ya wino, kama tulivyokuwa tukifanya utotoni, tukaomba (ndiyo, tuliomba), tukaitia. Mbele waliingia watu watano mahali pa watatu. Sisi wengine tulipanda nyuma tukabandika masikio kwenye kioo, mvua ya rasharasha ikitunyeshea. Betri ilikuwa dhaifu, ikabidi injini ya dizeli iachwe ikinguruma.

Kwanza tulisikia kikohozi. Kisha sauti ya mwalimu, karibu kabisa, ikimgombeza mtu aliyechelewa. Aliyechelewa siku ile alikuwa ameketi pale pale kwenye pikapu, na tunasikitika kuripoti kwamba siku hiyo pia alikuwa amechelewa. Mwalimu akatoa doh, akawagawia soprano, alto, teno na besi sauti zao, na wimbo ukaanza.

Hatutasema mengi juu ya dakika zile. Mama mmoja wa alto alimsikia marehemu mumewe katika teno. Hakulia. Alisema tu, "Huyo hapo," na akanyoosha kidole kuelekea redio, nasi sote tukaitazama redio.

Katikati ya ubeti wa tatu, ta! Upande wa kwanza ulikuwa umekwisha. Wimbo ulikatika katikati ya neno. Tukageuza kaseti haraka, tukakuta upande wa pili ni kipindi cha salamu za redioni. Tuliwasikiliza watu wakisalimiana kwa nusu saa nzima, tukitumaini.

Sasa ndipo mabishano yalipoanza. Vijana walikuwa wamerekodi kwa simu zao, wakaleta kinanda ili tutafute ufunguo wa wimbo. Kinanda kikasema F. Wakongwe wakasema haiwezekani, mwalimu hakuwahi kuuanzisha chini ya G. Ikawa kama kumwambia mzazi kwamba amesahau jina la mtoto. Tulipotulia tulikumbuka kwamba redio kuukuu ikizungusha utepe polepole, wimbo hauendi polepole tu, sauti zote nazo hushuka. Zikishuka pamoja, hata hivyo, umbali wa nota moja hadi nyingine haubadiliki. Doh hadi soh ni ile ile, iwe juani au ndani ya pikapu. Tukaamua tuandike wimbo kwa solfa, na ufunguo tuwaachie wakongwe. Ni G.

Hapo vijana wetu wakauliza swali la haki: nani bado anaandika solfa? Wengi wao walidhani ni kitu kilichobuniwa na kwaya za Kenya. Kilitoka mbali kidogo. Mama mmoja mwalimu huko Norwich, Uingereza, Sarah Glover, ndiye aliyeweka msingi wake. Mwaka 1841 mchungaji John Curwen aliombwa na walimu wa shule za Jumapili atafute njia rahisi ya kufundisha uimbaji, akauchukua utaratibu wa mama huyo akauendeleza. Wamishonari wakaueneza. Faida yake ni kwamba unahitaji kalamu na karatasi tu. Haukatiki stima inapopotea.

Sisi hatujauheshimu. Siku hizi tunafundishana kwa ujumbe wa sauti kwenye kikundi cha WhatsApp. Mwalimu anaimba sauti ya alto akiwa jikoni, alto wanasikiliza ndani ya matatu, soprano wanasikiliza wakifua, kila mtu anaanzia pale koo lake linapomruhusu, na Jumamosi tunakutana na funguo nne. Kuna wimbo mmoja ambao alto walijifunza kutoka kwa rekodi yenye jogoo. Hadi leo, wakifika baada ya neno "Mwokozi," wanangoja kidogo. Na tulipojaribu kutuma solfa yenyewe kwa maandishi, simu ya katibu wenu ikasahihisha "doh" ikawa "dog," na teno wakatumiwa wimbo unaoanza na mbwa wawili.

Hiyo tunacheka. Lisilochekesha ni kwamba rekodi ya pikapu tuliiweka kwenye kikundi hicho hicho, na baada ya majuma matatu tulipouliza nani anayo, waliokuwa nayo walikuwa wanne. Wengine walifuta kwa sababu simu zilijaa. Zilijaa picha za maua zenye kututakia asubuhi njema. Sauti ya mwalimu ilikaa miaka ishirini na zaidi ndani ya mkebe wa biskuti bila kudhurika, na mikononi mwetu ikakaribia kupotea kwa majuma matatu.

Kwa hivyo tulifanya hivi. Jumamosi nne tuliketi na mzee wa besi, mwenye pikapu, ambaye pia ndiye mwanakwaya pekee anayeandika solfa bila kusitasita. Tulicheza kipande kidogo, tukasimamisha, akaandika. Vijana watatu walikaa kando yake wakinakili. Jumamosi ya nne mmoja wao, msichana wa kidato cha pili, alimwambia mzee kwamba katika mstari wa teno amesahau kistari cha kushikilia nota. Mzee akavua miwani, akasikiliza tena, akakiongeza. Nakala iko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki. Tafadhali msikifungie mandazi.

Kasoro iliyobaki mnaiona pale chini, mahali nota zinapokoma. Kati ya waliorekodi siku ile, tulio nao leo ni sita. Kuhusu sehemu iliyobaki ya ubeti wa tatu wanakubaliana. Kuhusu ubeti wa nne wana maoni sita, na mmoja anashikilia kwamba haukuwepo.

Baada ya mahubiri tutauimba. Wakongwe wataketi mbele, na vijana wana penseli. Yeyote aliyekuwa kanisani siku ya mabati, hata kama hukuwa mwanakwaya, hata kama uliusikia ukiwa nje ukipika, tukifika pale kaseti ilipokatika, usinyamaze.