WALE MAFUNDI 14 WA CHICAGO NA KOROSHO ZETU

(Hotuba ya mjumbe wa elimu ya ushirika katika mkutano wa wanachama. Imenakiliwa hapa kwa ajili ya waliokuwa shambani.)



Nimepewa nafasi niseme juu ya jambo lililo mezani, yaani pendekezo la kuwatoza faini wanachama wanaouza kangomba. Kabla hatujanyosha mikono, naomba twende kidogo mpaka Marekani. Jambo hili la watu kuficha mali mbele ya msimamizi limekwisha kuchunguzwa na wasomi wa mambo ya uongozi, tena kwa miaka mingi.

Karibu na mji wa Chicago, mahali paitwapo Cicero, palikuwa na kiwanda kikubwa kiitwacho Hawthorne, mali ya kampuni ya Western Electric. Kazi yake kutengeneza vyombo vya simu. Mwaka 1924 wakubwa walitaka kujua: tukiongeza taa, mfanyakazi atatoa kazi zaidi? Taa zikaongezwa, kazi ikapanda. Lakini na lile kundi ambalo taa zake hazikuguswa, kazi yake nayo ikapanda! (Niseme hapa kwamba mwaka 2011 wachumi wawili, Steven Levitt na John List, walizipima upya hesabu za taa zile wakaona hadithi imetiwa chumvi. Basi ya taa tuyaache.)

Aprili 1927 wakatenga wanawake sita katika chumba chao peke yao. Watano wanaunga swichi ndogo za simu, kila moja ina vipande karibu 35, na wa sita anawapelekea vipande. Wakapewa mapumziko asubuhi na alasiri, wakapewa na kitafunio, wakaruhusiwa kutoka mapema. Kazi ikawa inapanda tu. Halafu wakanyang'anywa yote hayo kwa wiki 12, na bado kazi ya wiki haikuanguka. Profesa Elton Mayo, wa Chuo cha Biashara cha Harvard, alifika hapo mwaka 1928, akatoa maelezo yaliyoenea duniani: watu wale walijituma kwa sababu walisikilizwa, wakawa kikundi kimoja, wakaulizwa maoni yao.

Maneno matamu hayo. Mameneja wengi waliyapenda, na msishangae, kwani kusikiliza hakuna gharama, mshahara ndio wenye gharama. Lakini mwaka 1967 msomi mmoja wa Australia, Alex Carey, aliirudia taarifa yenyewe akauliza maswali ambayo hata mkulima angeuliza. Kwanza, malipo yao yalibadilishwa. Zamani ziada ilihesabiwa kwa kundi kubwa, mtu hajui jasho lake limekwenda wapi. Katika chumba kile ikahesabiwa kwa wao wachache, kila aliyejitahidi akaiona kwenye bahasha. Pili, Januari 1928 wawili kati yao waliondolewa, ati wanaongea mno na hawana ushirikiano, wakaletwa wengine wawili. Jamani, huko ni kusikilizwa kwa namna gani?

Sasa sikilizeni hii, maana ndiyo yetu. Mwishoni mwa 1931 waliwekwa wanaume 14 katika chumba kingine, wakiunga nyaya za mitambo ya simu, na mtazamaji ameketi kimya anaandika. Akaona kwamba mafundi wana kiwango chao wenyewe, hakuna aliyewaandikia: mitambo miwili kwa siku kwa kila muunga nyaya, basi. Aliyezidisha alipewa majina ya kejeli, na pengine ngumi ya begani. Aliyezembea sana naye alisemwa. Aliyepeleka maneno kwa msimamizi alikuwa msaliti. Na hesabu? Leo umefanya nyingi, unaandikisha pungufu, nyingine unaiweka akiba. Kesho ukichoka unaandikisha ya jana. Kwenye daftari kila siku inafanana na mwenzake.

Walipoulizwa walisema kwamba wakionyesha nguvu zao zote, bei ya kazi itapunguzwa au wenzao watafukuzwa. Waandishi wa kitabu cha 1939 juu ya uchunguzi huo waliona hofu hiyo haina msingi mzuri wa hesabu. Mimi hapo siwaafiki. Miaka ile ilikuwa ya mdororo mkubwa wa uchumi, watu wanapunguzwa kazini, na chumba chenyewe kilifungwa Mei 1932 kwa kukosa kazi. Waliokuwa wanahesabu vibaya ni nani?

Turudi hapa kwetu. Mwanachama ana gunia mbili. Moja analeta ghalani, nyingine inatoka usiku kwa bakuli la mlanguzi, na sote tunajua bakuli lile linaiba. Yeye naye anajua! Sasa kwa nini anapeleka? Tukisema "hana moyo wa ushirika" tumemaliza mapema mno. Yule wa kangomba analipa papo hapo, na sisi tunasubiri mnada. Ada ya mtoto haisubiri mnada. Tena makato: wangapi hapa wanaweza kutaja kila kinachokatwa kwenye kilo moja, na kinakwenda wapi? Naona mikono mitatu, na miwili ni ya kamati.

Faini itafanya nini? Itamfundisha mtu kuficha vizuri zaidi, kama wale mafundi na daftari lao. Na majirani hawatamtaja, maana kijijini hapa anayemtaja mwenzake tunamwitaje? Mnajua wenyewe.

Lakini nanyi kamati msiniambie kwamba mtaitisha mkutano wa kusikiliza, mtupe soda, halafu makato yabaki yalivyo. Huo ni uMayo bila bahasha.

Hoja yangu ni kwamba faini isipigiwe kura leo, ingoje mwezi mmoja. Kwanza, hesabu ya makato ya msimu uliopita, kilo kwa kilo, ibandikwe kwenye ukuta huu huu kwa herufi ambazo wazee wataziona. Pili, tutume watu nyumba kwa nyumba. Kule Hawthorne, kati ya 1928 na 1930, walizungumza na wafanyakazi zaidi ya 20,000. Walianza na orodha ya maswali, wakaona watu wanajibu kifupi kisha wanarudia yanayowauma. Wakaiacha orodha, wakawaachia watu waseme. Na sisi tufanye hivyo, bila fomu, na jina la mtu lisiandikwe.

Atakayepita asiwe anayeshika mizani wala ndugu yake. Akina mama wachague wawili, wazee mmoja, vijana mmoja. Majina yapelekwe kwa katibu kabla ya Ijumaa.