AKIBA HAIOZI: KUIOKOA RAMANI ILIYOHARIBIKA KATIKA KOMPYUTA

Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa na Afisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi wanaotayarisha ramani za majengo

Mimi si mhandisi wala fundi wa kompyuta. Kazi yangu ni kupasha habari. Hata hivyo, limetokea jambo mbele ya macho yangu ambalo naona si vyema libaki kuwa siri ya ofisi moja.

Katika ofisi hiyo, ambayo sitoitaja, mchoraji alikuwa akikamilisha ramani ya skuli ya ghorofa moja. Ilikuwa ni kazi ya wiki tatu, na wajenzi walikuwa wakiisubiri kesho yake. Saa tano na nusu asubuhi, wakati anaihifadhi kazi yake, umeme ulizimika. Uliporudi, faili lilikataa kufunguka.

Hapo ndipo lilipotendeka kosa lililozidi hasara ya umeme. Mwenzake, kwa nia njema, alifungua ukurasa mtupu akauhifadhi kwa jina lile lile la ramani, akidhani kwamba ataifufua. Programu waliyoitumia ni AutoCAD, ambayo wengi wenu mnaijua. Kila mtu anapohifadhi, programu hii huiweka kando nakala iliyotangulia, ikaipa herufi bak mwishoni mwa jina, na akiba ya zamani zaidi huondoka. Kwa hivyo akiba njema ilifutika, na mahali pake pakakaa faili bovu. Umeme uliharibu faili moja. Pupa ikaharibu la pili.

Ndugu wafanyakazi, kutokana na mkasa huo naomba tuufuate utaratibu ufuatao.

Kwanza, tuache kuhifadhi chochote kwa jina la faili lililoharibika. Tulinakili faili hilo pamoja na lile la bak katika flashi au kompyuta nyengine, na majaribio yote yafanywe juu ya nakala hizo. Asili isiguswe.

Pili, tulibadilishe jina la nakala ya bak, herufi za mwisho ziwe dwg, kisha tulifungue. Mara nyingi kazi yote hupatikana hapo, isipokuwa ile iliyofanywa tangu kuhifadhi kulikotangulia kule kwa mwisho.

Tatu, tutafute akiba ambayo programu huiandika yenyewe. Kama haikubadilishwa, huandika kila baada ya dakika 10, katika folda ya mafaili ya muda, na jina lake humalizikia kwa sv$. Mtu akifunga kazi kwa salama, akiba hiyo hufutwa; kompyuta ikizimika ghafla, hubaki. Nayo pia hubadilishwa jina ikawa dwg. Akiba hii ndiyo iliyomwokoa mchoraji wetu.

Nne, ikiwa hakuna akiba, itumike amri ya RECOVER juu ya nakala ya faili bovu, halafu AUDIT, ambayo hukagua mchoro na kutaja idadi ya makosa iliyoyaona na iliyoyarekebisha. Ikishindikana, ufunguliwe mchoro mpya mtupu, na ule mbovu uingizwe ndani yake kwa amri ya INSERT.

Sasa nafika penye jambo zito kuliko yote. Faili kufunguka si dalili kwamba limepona. Kitu ambacho programu imeshindwa kukirekebisha, yaweza kukifuta, na mchoro ukaonekana safi kabisa. Ramani ya skuli ilipopatikana, ilikaguliwa kwa AUDIT, na watu wakafurahi. Mchoraji peke yake ndiye aliyetaka ilinganishwe na karatasi iliyochapishwa wiki iliyopita. Wakapima chumba baada ya chumba, wakagundua kwamba nguzo moja ya chini haimo. Lau ramani ile ingepelekwa vile vile kwa wajenzi, hasara isingekuwa ya faili tena, bali ya watoto watakaosoma juu ya sakafu ile. Kwa hiyo ramani yoyote iliyookolewa isitoke ofisini mpaka ilinganishwe na karatasi, na aliyeikagua atie saini.

Mabibi na Mabwana, msiba huu hauwapati wanyonge peke yao. Mwaka 1998, katika kampuni ya Pixar ya Marekani, amri moja iliyotolewa kimakosa ilianza kuyafuta mafaili ya filamu ya Toy Story 2. Walipozigeukia akiba zao, waliona kwamba hazikuwa zikiandikwa sawasawa. Kazi iliokolewa na nakala aliyokuwa nayo nyumbani Bibi Galyn Susman, mmoja wa wasimamizi wa filamu hiyo, ambaye alikuwa akifanyia kazi kwake baada ya kujifungua. Funzo ni kwamba akiba isiyowahi kujaribiwa haina tofauti na kutokuwa na akiba.

Sisi wa Unguja tunaijua thamani ya umeme. Hatujasahau kipindi cha Disemba 2009 hadi Machi 2010, tulipokaa kiza kwa takriban miezi mitatu. Kwa hivyo kila kompyuta ya ramani iwe na UPS, ili mtu apate dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa utulivu. Kila ramani iwe na nakala tatu: moja katika kompyuta, ya pili katika diski ya pembeni, na ya tatu nje ya jengo la ofisi. Na kila mwezi mojawapo ya nakala hizo ifunguliwe, ili tuwe na yakini kwamba inafunguka.

Tulipokuwa chuoni, mwalimu hakuturuhusu kuufuta ubao mpaka tuwe tumehifadhi kilichoandikwa juu yake, na hakuliamini neno letu kwamba tumehifadhi mpaka atusikilize. Lugha yetu imeipa kazi hii ya kompyuta neno lile lile la kuhifadhi. Basi na sharti lake liwe lile lile.