Karudi Nyumbani, Bado Hajapona

Wiki hii tuzungumze juu ya mgonjwa aliyetoka katika chumba cha wagonjwa mahututi. Huku kwetu Mbulu na Hanang mtu kama huyo akiruhusiwa, majirani hujaa uani na kila mmoja humwambia, "Mungu amekuponya, shukuru." Naye huitikia. Usiku hapati usingizi.

Maambukizi makali, upungufu wa oksijeni, dawa za usingizi na taa zinazowaka usiku na mchana humchanganya mtu akili. Huweweseka. Aweza kuamini kwamba muuguzi anayemvuta makohozi anataka kumnyonga. Akipata nafuu, siku zile zimefutika kichwani lakini hofu yake imebaki, asijue imetoka wapi. Mwaka 2012 madaktari wa Marekani waliieleza hali hii na kuipa jina: udhaifu wa mwili, usahaulifu, woga na majonzi yanayoweza kudumu miezi, hata miaka. Mke au mama aliyekuwa akingoja mlangoni naye huweza kupatwa.

Kwetu hupewa majina mengine. Karogwa, anadeka, hana shukrani. Basi mgonjwa hunyamaza. Na wanaume wetu mnawajua: heri aseme mgongo unamuuma kuliko kusema anaogopa giza.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang lilipofunika sehemu za Katesh na Gendabi na kuua watu zaidi ya 80, washauri nasaha walipelekwa kwa manusura. Hakuna aliyeona ajabu kwamba mtu aliyetolewa kwenye tope hushtuka akisikia mvua. Kwa nini basi tumshangae aliyenusurika kitandani, akishtuka kwa mlio wa mashine ya kusaga?

Hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, ilianzishwa na wamisionari wa Norway mwaka 1955. Huko Norway na kwa jirani zake Sweden na Denmark, wauguzi wana desturi ninayoipenda. Huweka daftari kando ya kitanda cha mahututi na kuandika maneno machache: leo umepumua bila mashine, leo dada yako amekuja akakushika mkono. Baadaye mgonjwa hupewa lile daftari, akazisoma siku zake zilizopotea.

Daftari la shule si ghali. Ndugu anayemuuguza mgonjwa aandike. Asiyejua kuandika azishike siku hizo kichwani, aje amsimulie nyumbani, polepole, kadiri mwenyewe anavyouliza. Lakini wiki zikipita naye bado anashtuka usiku, au hali, msikae. Akisema heri angekufa, msingoje hata siku moja. Haydom kwa miaka mingi imekuwa na huduma ya magonjwa ya akili. Mpelekeni, na yule aliyemuuguza aingie naye kwa daktari, aulizwe yeye analalaje.