Mama aliyeua bwana mwenye kumutesa: tribinali isikilize yote



Mwezi wa 2, 2011, tribinali ya kijeshi ya kutembea ilikaa hapa Baraka, ikamuhukumu Luteni-Kanali Kibibi Mutware miaka 20 juu ya wamama waliobakwa Fizi siku ya Mwaka Mupya. Kumbe sheria inaweza kufika kwetu. Lakini mwenye kupigwa ndani ya nyumba, nani anamufikia? Familia inamwambia vumilia, mahari ilishakuliwa. Hata sheria ya 2006 juu ya ubakaji haitaji bwana na bibi yake.

Akimuua yule bwana, hapo sasa serikali inakuja mbio. Wakisema alipanga mbele, kitabu cha azabu kinaandika kifo. Lakini artikle ya 18 ya kitabu kile kile inaruhusu muamuzi kupunguza. Miaka ya kupigwa si sababu? Nairobi, 2021, mama wa namna ile alipewa siku moja, tena ndani ya korti.

Hatusemi watu wauane, hapana. Tunaomba avoka wa bure tangu siku ya kwanza ku polisi, na karatasi za hospitali za miaka yote ziingie mu dosie.