Kenya: Mnunuzi na Duka la Mtaani

Katika maduka mengi madogo ya Kenya, kama ilivyo katika nchi nyingine za Afrika Mashariki, huonekana kibao ukutani kisemacho: Mali ikishauzwa hairudishwi. Mwenye duka hukitazama kibao hicho kama sheria. Lakini sheria ya Kenya yasema vingine. Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mlaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaoridhisha, haki ya kupewa maelezo yake, na haki ya kulipwa fidia apatapo hasara kwa sababu ya kasoro. Wala haki hizo hazimhusu mwenye kiwanda peke yake.

Zamani mnunuzi alinung'unika akaenda zake. Sivyo ilivyo sasa. Tangu M-Pesa ilipoanza mwezi Machi, 2007, na hasa tangu 2013 ulipoanzishwa utaratibu wa kulipia madukani kwa simu, mnunuzi amezoea kulipa kiasi kamili na kupata ujumbe wa kuthibitisha malipo papo hapo. Mtu wa namna hiyo haridhiki tena kupewa peremende badala ya chenji.

Wako wanaodai kwamba matakwa hayo yatawaangamiza wafanyabiashara wadogo, na maduka makubwa ndiyo yatakayonufaika. Dai hilo lina walakini. Nakumatt, iliyokuwa na matawi hata Uganda, Rwanda na Tanzania, ilibaki na rafu tupu mwaka 2017 kwa kushindwa kuwalipa walioiletea bidhaa, na mwezi Januari, 2020 wadai wake wakaamua ifilisiwe. Ukubwa haukuiokoa.

Mwenye duka dogo anamfahamu mnunuzi wake kwa jina. Anajua nani hununua mafuta ya kupima, nani hulipwa mwisho wa mwezi, na nani wa kuaminika kwa mkopo. Kuandika deni mbele ya mkopaji, kubandika bei mahali panapoonekana, na kusema kweli kuhusu unga uliokaa siku nyingi, hayo hayahitaji mtaji.

Kinachohitaji mtaji ni kurudisha fedha. Pakiti moja ya unga iliyoharibika yaweza kumeza faida ya pakiti nyingi zilizouzwa. Hapo ndipo penye uzito, na ni haki kuuliza kwa nini lawama imwangukie muuza duka ilhali mwenye ghala la jumla aliyemuuzia hukataa kuipokea. Ibara hiyo ya 46 inamgusa kila atoaye bidhaa, awe shirika la umma au mtu binafsi. Mwenye ghala naye yumo.